Ufanisi Upi? Maneno Mawili ya Kiingereza katika Bonde la Kilombero

Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye mfuko mtupu, nilikaa Ifakara miezi kadhaa na nikakubali kazi ya kutafsiri muhtasari wa utafiti mmoja wa afya. Ulikuwa karatasi mbili tu, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, ili usomwe katika mkutano wa kijiji ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Ukurasa wa kwanza ulizungumzia dawa na ulikuwa na asilimia kubwa ya kupendeza. Ukurasa wa pili ulizungumzia dawa ile ile na ulikuwa na asilimia ndogo ya kusikitisha. Katika ule wa kwanza neno la Kiingereza lilikuwa "efficacy". Katika ule wa pili lilikuwa "effectiveness". Nilifungua kamusi, nikaona yote mawili yamepewa neno moja, nikaandika "ufanisi" mara mbili, nikapokea ujira wangu.

Tulivuka kwa kivuko asubuhi, mkutano ukafanyika chini ya mwembe, na mwenyekiti wa kijiji akasoma karatasi zangu kwa sauti ya kuhutubia. Alipomaliza, bibi mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni alisimama. "Mwanangu," aliniambia, kwa kuwa alikuwa ameelekezwa kwangu kama mwenye maneno, "ufanisi wenyewe ni huu wa kwanza au huu wa pili? Maana kama dawa ilikuwa nzuri mezani kwenu na ilipofika kwetu ikawa mbaya, tuambieni imeharibikia wapi."

Nilimtafsiria kiongozi wa msafara swali lile. Alifurahi sana, akasema kwamba hilo ndilo swali la utafiti mzima, akaeleza kwa dakika kadhaa tofauti ya neno la kwanza na la pili. Mimi nilisimama pale na neno langu moja. Nilichowaambia wananchi sikikumbuki, ila nakumbuka kwamba bibi yule aliketi kabla sijamaliza.

Ndugu msomaji, nimelibeba swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo ningependa kulirudisha bondeni lilikotoka, kwa kuwa naamini hakuna mahali katika nchi yetu ambapo tofauti ya maneno haya mawili imepimwa kwa damu ya watoto kama Ifakara na vijiji vinavyoizunguka.

Tuanze na maneno yenyewe. Yote mawili, pamoja na ndugu yao wa tatu "efficiency", yanatokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kutenda jambo hadi litimie. Mwingereza wa kawaida, akiwa sokoni au kwenye basi, huyachanganya bila kuona haya. Waliolazimika kuyatenganisha ni watu wa tiba. Mwaka 1972 daktari wa Uingereza, Archibald Cochrane, alichapisha kitabu kidogo ambacho jina lake liliweka mawili kati ya hayo matatu bega kwa bega, na tangu hapo mazoea yakakomaa. "Efficacy" ni kile ambacho dawa inaweza kufanya inapotolewa kwa kipimo sahihi, kwa saa sahihi, kwa mgonjwa aliyechaguliwa na anayefuatiliwa. "Effectiveness" ni kile ambacho dawa hiyo hufanya inapoachiwa ulimwengu: zahanati iliyofungwa, mto uliofurika, mama aliye shambani, mhudumu aliyechoka. "Efficiency" huuliza kama fedha zilizotumika zililingana na kilichopatikana. Maneno haya yamepishana kidogo sana katika kamusi, na katika mpishano huo mdogo ndimo wanamopotelea watu.

Bonde hili lilishakabiliana na tofauti hiyo kabla ya kuijua kwa Kiingereza. Mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipopanda kutoka Umatumbi hadi huku, Wapogoro, Wambunga na wenzao waliiendea boma ya Mahenge wakiwa wamepewa dawa ambayo ingegeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Tarehe 30 ya mwezi huo walikutana na bunduki za mzinga, na mamia hawakurudi. Jambo linalonishughulisha hapa ni maelezo yaliyofuata. Katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, dawa ile ilikuja na miiko, na miiko hiyo ilitofautiana kutoka mahali hadi mahali: kujitenga na wanawake, kutopora mali. Mpiganaji alipoanguka, palikuwa na jibu tayari: amevunja mwiko. Dawa yenyewe ilibaki safi, na lawama ikamwendea marehemu.

Nawaomba mlikumbuke jibu hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena likiwa limevaa tai.

Mwaka 1949 alifika Ifakara mwanazuolojia wa Uswisi, Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi huko Basel. Aliwakuta watawa Wakapuchini wa kwao na hospitali yao, akaona mbung'o, papasi na mbu wa kumtosha mtu kwa maisha mazima, na mwaka 1957 maabara ya uwandani ikajengwa. Maabara hiyo ndiyo iliyokua, ikakabidhiwa Watanzania hatua kwa hatua katika miaka ya 1990, na leo inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Historia yake ni ndefu na ina mengi ya kujadili kuhusu nani huja kuchunguza na nani huchunguzwa, lakini hayo niliahidi kuyaandika siku nyingine na bado naahidi.

Miaka ya mwanzo ya 1990 dunia nzima ilizungumza juu ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia. Barani Afrika ilijaribiwa Idete, kijiji cha bonde letu, ambako malaria ilikuwa haina likizo. Watoto 586 wenye umri kati ya mwaka mmoja na mitano waliingizwa. Wengine walipata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na hakuna mzazi wala mtafiti aliyejua nani kapata nini hadi mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: "efficacy" ya asilimia 31.

Wengi waliosoma namba hiyo waliielewa hivi: katika kila watoto 100 waliochanjwa, 31 wamekingwa. Sivyo. Maana yake ni kwamba matukio ya homa ya malaria miongoni mwa waliochanjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 31 kuliko miongoni mwa wasiochanjwa, katika muda ule, chini ya uangalizi ule. Na makisio yenyewe yalikuwa mapana: ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Sifuri, msomaji wangu! Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga ya maana, na chanjo hiyo ilipojaribiwa tena bondeni kwa vichanga 1,207, ikitolewa pamoja na chanjo zao za kawaida, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2. Hadithi ya SPf66 ikaishia hapo.

Siiandiki habari hii kwa kejeli. Kinyume chake, naiona kuwa ni mfano wa neno lililotumiwa kwa uaminifu. Waliofanya kazi ile hawakusema chanjo inafaa. Walisema wamepima nguvu yake mahali pagumu kabisa na wameikuta ndogo, kisha wakarudia kuipima wakakuta haipo. Dawa isiyo na nguvu chini ya uangalizi haina haja ya kupelekwa vijijini ili ionekane kama itafaa.

Kisa cha chandarua ni cha namna nyingine kabisa, na kwangu ndicho kiini cha mambo yote. Nguvu ya chandarua chenye viuatilifu ilikwisha kuthibitishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa majaribio makubwa Gambia, Ghana, Burkina Faso na Kenya. Kilifi, pwani ya Kenya, vifo vya watoto vilipungua kwa takribani theluthi moja. Lakini katika majaribio yale watafiti waligawa vyandarua bure, na wao wenyewe wakahakikisha vinachovywa tena dawa kwa wakati wake. Swali likabaki: watafiti wakishaondoka itakuwaje?

Wilaya za Kilombero na Ulanga ndizo zilizojibu. Kuanzia mwaka 1997 mradi uliojulikana kama KINET uliuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kupitia maduka na mawakala wa vijijini, kwa chapa ya Zuia Mbu, kama vile sabuni au mafuta ya taa vinavyouzwa. Sambamba na hilo, katika vijiji 25, wahesabu walipita nyumba kwa nyumba kuandika kila mimba, kila kuzaliwa, kila kuhama na kila kifo. Hapo hakuna aliyemsimamia mama ili amfunike mtoto. Aliyeuza alikuwa muuza duka, aliyenunua alitoa fedha ya mpunga wake, aliyechovya alichovya kwa mikono yake katika beseni lake. Na mwaka 2001 ilipochapishwa hesabu, chandarua kilichochovywa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kuokoka kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Makisio hapa pia yalikuwa mapana, kati ya asilimia 3 na 45, lakini hayakugusa sifuri.

Weka namba hizo mbili mezani. Ile 31 ya Idete ni kubwa kuliko hii 27. Mtu anayeyatafsiri maneno yote mawili kwa "ufanisi", kama nilivyofanya mimi, atamwambia mwananchi kwamba chanjo iliyoshindwa ilikuwa bora kuliko chandarua kilichookoa watoto. Ile ya kwanza ilihesabu homa zilizopungua chini ya macho ya daktari; hii ya pili ilihesabu watoto waliobaki hai katika vijiji vyenye matope, umaskini na usahaulifu wa kawaida wa binadamu. Uzoefu wa KINET ulichangia kuzaa Hati Punguzo ya mwaka 2004, ambayo wanawake wajawazito nchini waliitumia kununulia vyandarua kwa bei nafuu.

Baada ya chandarua ikaja zamu ya dawa, na hapa ndipo penye jibu la bibi yule. Klorokwini ilikuwa imechoka, ikaondolewa kama dawa ya kwanza mwaka 2001. SP ikashika nafasi yake kwa muda mfupi. Kufikia mwaka 2007 tulikuwa na dawa ya mseto. Mseto ulikuwa na nguvu isiyobishaniwa. Watafiti wa Ifakara, wakiwamo wa programu ya ACCESS iliyoanza mwaka 2003, walikuwa wakiuliza swali lisilo la kimaabara: je, mtoto mwenye homa anaifikia dawa?

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Watoto 100 wanaugua. Sabini wanafikishwa zahanati. Kati yao, 56 wanapewa dawa inayostahili, maana siku nyingine rafu ni tupu. Kati ya hao, 42 wanameza dozi yote. Dawa inaponya 95 katika kila 100, kwa hiyo wanaopona kwa dawa hiyo ni 40. Nguvu ya dawa ni asilimia 95. Ufanisi wake kijijini ni 40. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyo ya kutisha ikitazamwa peke yake. Ni kama ndoo inayotoboka kidogo kila unapoitua njiani.

Sasa zitazame tundu hizo katika jiografia ya bonde. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani, mbali na kijiji, zikalala katika madungu na vibanda vya muda katikati ya maji na mbu. Mtoto akishikwa na homa usiku, zahanati iko umbali wa nusu siku. Aliye upande wa Ulanga akihitaji hospitali ya Ifakara alikuwa hana budi kusubiri kivuko. Daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kisha kuna degedege, ambayo wazee wengi hawakuihesabu kuwa ni malaria hata kidogo, hivyo mtoto aliyekakamaa alipelekwa kwanza kwa mganga. Wanaanthropolojia waliokwenda kuwasikiliza akina mama hawakukuta ujinga. Walikuta watu wanaofanya uamuzi wa busara kwa kadiri ya fedha, njia na maarifa waliyokuwa nayo usiku ule.

Nami hurudi Mahenge. Siku hizi, katika ripoti zetu za serikali na za mashirika, mradi unaposhindwa huwa kuna aya moja isiyokosekana: changamoto ilikuwa uelewa mdogo wa wananchi. Mwamko mdogo. Mila potofu. Dawa ilikuwa safi, wenyeji wamevunja mwiko. Ni jibu lile lile la mwaka 1905, tofauti ikiwa tu kwamba mganga wa zamani alikwenda vitani na watu wake, ilhali mwandishi wa ripoti hulipwa posho. Na neno "ufanisi" linamsaidia sana. Anaweza kuchukua asilimia ya maabara, akaiita ufanisi wa mradi, na pengo lililobaki kati ya 95 na 40 likakosa jina. Kisicho na jina hakiulizwi bungeni wala katika kikao cha madiwani.

Si afya pekee. Mkulima wa Kilombero huoneshwa mpunga wa SARO 5 katika shamba darasa, ambako maji yamepimwa na mbolea imefika kwa wakati, kisha huambiwa huo ndio ufanisi wa mbegu. Akivuna kidogo kwake, yeye ndiye mvivu. Mwaka 2021, chanjo za UVIKO-19 zilipoingia nchini, vyombo vyetu vya habari vilitangaza "ufanisi" wa asilimia hii na ile, na jirani yangu, mtu aliyesoma, aliniuliza kwa hofu kama maana yake ni kwamba watu watano katika kila mia watadhurika na sindano.

Mwenzangu mmoja wa idara ya isimu, mtu ninayemheshimu, hunikatisha kila tunapofika hapa: Kiswahili ni maskini wa istilahi, tutohoe tu, tuseme "efikasi" na tuendelee. Simkubalii. Wahenga wa bonde lile walikuwa na tofauti hii kinywani mwao wakati mimi naitafuta kwenye kamusi. Mama husema, "Dawa ni kali, lakini mwanangu haikumfaa." Husema pia dawa "imemkataa". Ukali ni wa dawa. Kufaa ni kwa mtu. Na hata hilo "ufanisi" tunalolitesa lina asili inayojieleza. Linatokana na kufana. Hakuna anayesema sherehe imefana kwa sababu pilau liliiva vizuri jikoni huku wageni wamekaa na njaa. Sherehe hufana kwa walioalikwa. Kwa kipimo hicho, ufanisi ni mali halali ya neno la pili, "effectiveness", na tulifanya kosa kulikopesha la kwanza. La kwanza lichukue "nguvu", kama tunavyosema siku zote nguvu ya dawa. La tatu, la gharama, limekwisha kupata "tija" na limetulia nalo.

Najua pingamizi lake: nguvu huweza kudhaniwa kuwa ni ukali wa madhara, na fomu ya ridhaa inayosema chanjo ina nguvu ndogo inaweza kumfanya mzazi aone ni salama zaidi. Ni pingamizi la haki. Dawa yake ni sentensi ya ziada, nayo haigharimu zaidi ya nusu dakika ya mwenyekiti wa kijiji.

Karatasi zangu mbili za mwaka 2003 sinazo. Ningekuwa nazo, ukurasa wa kwanza ungesema: dawa hii ina nguvu, tulipoitoa wenyewe, kwa saa zake, iliponya karibu watoto wote. Ukurasa wa pili ungesema: ilipofika kwenu ufanisi wake ulikuwa mdogo, kwa sababu wengine hawakuweza kuvuka mto, wengine waliikuta zahanati haina dawa, na wengine hawakuelezwa kuimaliza, dawa haikuharibika, njia ndiyo iliyoharibika, na njia hiyo ina wenyewe. Kisha ningewaandika wenyewe hao kwa vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wilayani kwenda juu.

Mjukuu aliyekuwa mgongoni siku ile, kama yu hai, sasa ana umri wa kupiga kura.